Mashine haiwaki na trela iko majini: namna ya kushughulikia betri ya boti iliyolala

Maswali ya wanaoanza mambo ya boti hayabadiliki. "Nimegeuza ufunguo, imelia tik mara moja, kisha kimya. Nifanyeje?" "Naweza kubusti kwa gari lililovuta trela?" "Hii si inavutwa kwa kamba kama jenereta?" Yote matatu yana majibu, ila majibu yana mpangilio wake, na anayeuruka mpangilio huo ndiye anayeunguza rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri) au kuachwa na maji mchangani.

Mwongozo huu ni wa boti ya faiba ya mita 5 hadi 8 yenye mashine moja ya nje, ya petroli, ya farasi 25 hadi 115, yenye umeme wa volti 12. Ndizo nyingi utakazoziona Mtwapa, Kilifi, Tanga na Msasani, na upande wa ziwani Mwanza na Kisumu. Mashine za dizeli za ndani ya boti zina mambo yake mengine, hazimo hapa.

Shika hili kabla ya mengine yote: boti haitoki kwenye ndoano ya winchi mpaka mashine iwe inanguruma. Rudisha trela hadi mguu wa mashine uzame na matundu ya kuvutia maji yawe chini kabisa ya maji, huku omo la boti, yaani mbele yake, likiwa bado limefungwa. Washa hapo hapo. Ikikataa, gari linavuta trela juu na hakuna kilichopotea. Ukishaifungua na kuisukuma, huna tena tatizo la betri tu. Una chombo kisicho na nguvu, mkondo na upepo vinakipeleka kwenye boti za wenzako.

Na tutofautishe maneno mawili. Betri iliyolala imeishiwa chaji, ukiichaji inaamka. Betri iliyokufa haishiki chaji tena, hata uichaji usiku kucha. Pale kwenye mteremko dalili zao zinafanana, ndiyo maana unahitaji mita.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya umeme ya kawaida (multimita). Ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye DC, volti 20.
- Spana namba 10 na namba 13. Hizi mbili hufungua vifungo vingi vya betri na mifuniko mingi ya mashine.
- Brashi ndogo ya waya na kipande cha msasa.
- Nyaya za kubusti (wengine huziita jampa) zenye shaba ya milimita za mraba 25 au zaidi, urefu mita 3 kwenda juu. Nyingi zinazouzwa barabarani ni plastiki nene yenye shaba nyembamba ndani. Zinapata moto, na stata (mota ndogo inayozungusha mashine ili iwake) haizunguki.
- Kamba ya dharura ya kuwashia, yenye fundo upande mmoja na mpini upande wa pili.
- Fyuzi za akiba za ukubwa uleule uliomo kwenye mashine yako. Fungua uangalie leo, usisubiri siku ya tatizo.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, maji masafi lita 1.5 na magadi ya kuokea kidogo, kwa ajili ya asidi.
- Nanga yenye kamba, na makasia au upondo.

Hatua ya 1: Toka njiani, kisha tazama maji

Ukijaribu mara mbili ikakataa, vuta boti juu na uegeshe pembeni. Mteremko ni wa watu wote, na kazi hii ikifanywa huku wengine wanapiga honi huzaa makosa. Vuta hendibreki, weka vigingi au mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya trela.

Kisha jiulize maji yanaendaje. Pwani yetu, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu), tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 katika muda wa saa 6 hivi. Hayashuki kwa kasi moja: katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa, yanaweza kushuka karibu sentimeta 80 kwa saa moja. Kwa hiyo boti iliyokuwa inaelea vizuri ulipokwenda kutafuta betri ya kuazima utaikuta imelala ubavu, mashine imezama mchangani. Ziwani huna shida hii.

Kama boti imeshatoka kwenye trela, ifunge kwa kamba mbili, ya omo na ya tezi (nyuma), au tupa nanga. Hapo ndipo utafute umeme.

Hatua ya 2: Pitisha hewa

Betri ya asidi hutoa hewa ya haidrojeni, na tangi la petroli lina mvuke wake. Zote mbili hulipuka kwa cheche moja, na utakachofanya baada ya hapa kitatoa cheche. Fungua kifuniko cha sehemu ya betri na vifuniko vyote vya sakafu, toa tangi la petroli la kubebeka uliweke mbali, subiri dakika 5. Ukiendelea kusikia harufu ya petroli, usiunganishe waya wowote mpaka ujue inatoka wapi. Hakuna sigara.

Hatua ya 3: Hakikisha ni betri kweli

Wengi hutafuta betri ya kuazima kumbe tatizo ni hivi vitu vitatu vya bure:

1. Kamba nyekundu ya usalama, ile inayofungwa kwa nahodha. Kwenye mashine nyingi, klipu yake ikiwa haipo mahali pake stata inazunguka vizuri ila cheche hazipigi. Kwenye nyingine hata stata haizunguki.
2. Gia. Mashine haikubali stata kama haiko nyutro. Tikisa mkono wa gia mbele na nyuma kidogo, urudishe katikati, ujaribu tena.
3. Swichi kuu ya betri. Baadhi ya boti zina swichi yenye alama OFF, 1, 2 na BOTH. Kama una betri mbili, jaribu 2 peke yake kwanza. Usikimbilie BOTH: betri iliyolala itainywa ile nzima na utabaki na mbili zilizolala.

Angalia pia fyuzi kuu chini ya kofia ya mashine. Ikiwa imeungua, weka ya ukubwa uleule. Usifunge kwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi huungua kwa sababu, na waya ukiungua badala yake unaungua ndani ya boti.

Hatua ya 4: Pima, kisha sikiliza

Gusa nguzo za betri zenyewe, yaani risasi, si vifungo vya waya: ncha nyekundu kwenye +, nyeusi kwenye −. Betri iwe haijatumika wala kuchajiwa kwa saa moja au zaidi, vinginevyo namba inadanganya.

- Volti 12.6 na zaidi: imejaa.
- 12.4: robo tatu hivi.
- 12.2: nusu.
- 12.0: imebaki kama robo.
- Chini ya 11.8: imelala.
- Karibu 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa: chumba kimoja kimekufa. Betri ya volti 12 ina vyumba 6 vya volti 2.1, ukitoa kimoja unapata namba hiyo hasa. Hakuna dawa, nunua nyingine.

Sasa mtu ageuze ufunguo huku wewe unatazama mita. Stata inapozungusha, volti hushuka. Hilo ni la kawaida. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu, hata kama ilisoma 12.5 ikiwa imetulia. Ikibaki 12.4 na stata haikuzunguka, betri ni nzima na umeme unakwama njiani: kwenye kifungo, waya, selenoidi (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata) au stata. Kwa hiyo usinunue betri kabla ya kufanya kipimo hiki.

Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 5 kwa mara moja, na pumzisha stata sekunde 30 kabla ya kurudia. Stata ya mashine ya boti ni ndogo na hupata moto upesi.

Hatua ya 5: Safisha na kaza

Hatua hii inaponya boti nyingi kuliko kubusti, hasa baharini. Chumvi inajenga unga mweupe au wa kijani kati ya nguzo na kifungo, na umeme mwingi hauwezi kupita hapo. Redio na taa zitawaka kwa sababu zinataka umeme kidogo, ila stata inayotaka ampea zaidi ya 100 inapata tik tu.

1. Zima kila kitu. Fungua waya wa − kwanza, kisha wa +. Ukianza na + na spana ikagusa chuma cha mashine, itapiga cheche kubwa na inaweza kukuunguza.
2. Changanya magadi kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji, mwagia unga ule, subiri utoe povu, suuza. Mchanganyiko usiingie ndani ya betri. Funga vifuniko vyake kwanza.
3. Sugua nguzo na ndani ya vifungo mpaka ving'ae.
4. Rudisha + kwanza, − mwisho. Kaza kwa spana. Zile nati za mabawa zinazokazwa kwa vidole hulegea kwa mitetemo ya mawimbi. Zibadilishe uweke nati za kawaida zenye washa ya kushikilia.
5. Paka grisi juu, baada ya kukaza. Ukipaka kabla, umeiweka grisi kati ya risasi na shaba.

Fuata waya wa − hadi unapofungwa kwenye mashine na ufanye vivyo hivyo. Watu husafisha upande wa betri wakasahau huku.

Jaribu tena. Ikiwaka, nenda kwenye sehemu ya "Ikishawaka".

Hatua ya 6: Tafuta umeme

Njia ziko nne. Zimepangwa kuanzia ile tunayoiamini zaidi pale kwenye mteremko.

*A. Betri ya kuazima.* Jirani mwenye boti ana betri kama yako, N70 (ya ampea-saa 70 hivi) au inayokaribiana nayo. Toa yako, funga yake, washa. Ila kumbuka: ukishawasha kwa betri yake huwezi kuitoa mashine ikiwa inanguruma ili urudishe yako. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye mashine. Ukiiondoa mashine ikizunguka, volti zinaruka juu na kuua rektifaya, na kwenye mashine za kisasa kompyuta yake pia. Kwa hiyo ama anakuazimia kwa safari nzima, ama unatumia njia B.

*B. Kubusti kwa nyaya.* Betri yako inabaki mahali pake, ya pili inaunganishwa kwa muda. Kwanza, maonyo matatu kuhusu chanzo:

Usibusti kutoka kwenye lori. Malori mengi na baadhi ya mabasi yanatumia volti 24, na hizo zinaingia kwenye mashine yako mara moja bila kukupa nafasi ya kujuta. Pima kwa mita chombo chochote kabla ya kuunganisha. Unataka kati ya 12.4 na 14.5.

Usitumie gari la haibridi. Betri yake ya volti 12 ni ndogo, kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari, si kuzungusha stata.

Na gari lililovuta trela mara nyingi halifikii: betri yake iko mbele, ya boti iko tezini, kati yake kuna mita 8 au 9. Usiunge nyaya mbili kwa kusokota ncha. Lete gari la pili ubavuni mwa boti, au betri nyingine uiweke ndani ya boti karibu na yako.

Mpangilio wa kuunganisha:

1. Zima gari na zima kila kitu kwenye boti. Vyombo viwili visigusane.
2. Kibano chekundu kwenye + ya betri iliyolala.
3. Kibano chekundu cha pili kwenye + ya betri nzima.
4. Kibano cheusi kwenye − ya betri nzima.
5. Kibano cheusi cha mwisho kwenye boliti safi, isiyo na rangi, ya mashine ya boti, mbali na betri. Si kwenye − ya betri iliyolala. Cheche hutoka kwenye kiungo cha mwisho, na unataka itoke mahali pasipo na haidrojeni.
6. Kama chanzo ni gari, liwashe liache lingurume dakika 5 hadi 10 ili betri iliyolala ipate chaji kidogo. Kisha zima gari ndipo ujaribu boti. Altaneta ya gari, ile inayochaji betri yake, haikutengenezwa kuzungusha stata ya chombo kingine.
7. Washa boti, sekunde 5 tu. Ikikataa, sogeza vibano vishike vizuri, ngoja dakika 5, rudia.
8. Ikishika, iache itulie dakika moja, kisha toa vibano kwa kurudi nyuma: cheusi cha mashine, cheusi cha betri nzima, chekundu cha betri nzima, chekundu cha betri yako. Vibano visigusane hata mara moja.

Kosa kubwa hapa ni kugeuza + na −. Rangi za waya kwenye boti za mitumba haziaminiki. Fundi aliyetangulia huenda alifunga waya mweusi kwenye +. Soma alama iliyochongwa kwenye betri. Mita nayo inasaidia: ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umeshika kinyume.

*C. Busta ya mkononi*, yaani pawabenki kubwa yenye vibano. Ni chombo kizuri mno kwa boti, kwa sababu kinaingia mfukoni na hakihitaji gari. Ijae angalau robo tatu. Funga vibano kwanza, kisha uchomeke waya kwenye pawabenki. Baadhi yake haziitambui betri iliyoshuka sana na hukataa kutoa umeme. Hizo zina kitufe cha kulazimisha, na ukikibonyeza kinga ya kugeuza nyaya haifanyi kazi. Kwa hiyo hakikisha + na − mara mbili.

*D. Kamba.* Mashine za zamani za viharusi viwili zenye kabureta zinajitengenezea cheche zenyewe, hazihitaji betri kabisa. Hizi za farasi 25 au 40 zinawaka kwa kamba bila tabu. Mashine za viharusi vinne zenye sindano za mafuta ni habari nyingine: pampu ya mafuta na kompyuta zinataka umeme, kwa hiyo betri ikiwa tupu kabisa utavuta mpaka mabega yalegee. Na zaidi ya farasi 70 hivi, usijaribu, unavunja kiwiko.

1. Gia nyutro. Angalia mara mbili, kwa macho na kwa mkono. Ukitumia kamba ya dharura, ile kinga inayozuia mashine kuwaka ikiwa ndani ya gia haipo tena. Ikiwaka ikiwa kwenye gia, boti inaruka mbele na wewe umesimama tezini.
2. Klipu ya kamba nyekundu iwe mahali pake, ufunguo uwe ON. Minya pampu ya mkono ya mafuta mpaka iwe ngumu.
3. Vuta choki kwa mkono. Choki ya umeme haifanyi kazi betri ikiwa imelala, na wengi hukwama hapa bila kujua.
4. Toa kofia ya mashine, kisha kifuniko cha juu ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine (spana namba 10 kwa kawaida).
5. Ingiza fundo kwenye pengo la flaiwili, zungusha kamba mara 2 au 3 kufuata mshale wa saa.
6. Vuta polepole mpaka uhisi mgandamizo, halafu vuta kwa nguvu moja, moja kwa moja. Asiwepo mtu nyuma ya kiwiko chako. Usijizungushie kamba mkononi. Mashine ikipiga nyuma inaondoka na vidole.
7. Ikishawaka, usirudishe kifuniko cha flaiwili wala kofia mpaka uizime. Nguo, shanga, nywele na kanga viwe mbali na flaiwili inayozunguka.

Ikishawaka

Tazama kwanza tundu la ukaguzi: maji yatoke kwa mkondo thabiti. Katika haraka ya kubusti watu husahau kwamba trela imevutwa juu na mashine inazunguka bila maji. Pampu ya maji ina rafadha ndogo ya mpira inayoharibika ndani ya dakika chache, hata chini ya hapo. Kama unabusti ukiwa nchi kavu, tumia vikombe vya kuoshea mashine na mpira wa maji, au zima ndani ya sekunde chache.

Usizime swichi kuu wala kulegeza kifungo cha betri mashine ikiwa inazunguka.

Pandisha mzunguko kidogo, pima kwenye nguzo. Unataka 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12.3 au inazidi kushuka, mashine haichaji na unatumia akiba ya betri tu. Ikipita 15, kidhibiti kimeharibika na kinaipika betri.

Uende au urudi nyumbani?

Hapa ndipo tunapogombana na wageni wa boti. "Si imewaka? Twende." Fanya hesabu kwanza. Mashine ya farasi 40 ya viharusi viwili huchaji kwa ampea 6 hivi ikiwa inakimbia vizuri, na chini ya hapo ikiwa polepole. Betri ya ampea-saa 70 iliyobaki nusu inakosa 35. Hiyo ni karibu saa 6 za kukimbia mfululizo. Mwendo wa dakika 40 hadi kwenye mwamba hautaijaza. Ukizima uvue, haitawaka tena, na sasa uko nje ya mwamba.

Msimamo wetu ni huu. Kama chanzo kilikuwa kifungo kichafu, umekisafisha, betri inasoma 12.5 na zaidi, na mashine inachaji: nenda. Kama uliibusti, na mashine ni moja, na haiwaki kwa kamba: rudisha boti kwenye trela. Kusi likivuma jioni na mashine iko kimya, redio nayo haina umeme, hakuna utakayemwita.

Kama inawaka kwa kamba unaweza kwenda karibu, ndani ya mwamba au ndani ya mkono wa bahari, ukiwa na nanga, makasia na simu yenye chaji.

Ukifika nyumbani

Chaji taratibu: ampea sawa na sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri. N70 ichajiwe kwa ampea 7, muda wa saa 10 hadi 12, mahali pa wazi, mbali na tangi la petroli. Ukiipeleka kwa fundi wa chaji, mwambie asiiharakishe. Chaji ya haraka ya saa moja inaichemsha betri na kupinda sahani zake.

Kama ni betri ya vifuniko, ongeza maji ya betri (yaliyotoneshwa) mpaka yafunike sahani, na ujaze vizuri baada ya kuchaji. Usikubali kuongezewa asidi. Asidi haipungui kwa joto, yanayopungua ni maji. Ukiongeza asidi unaikaanga betri, itaonekana ina nguvu wiki mbili kisha inakufa moja kwa moja.

Iache ikae usiku mzima bila kuguswa, pima asubuhi. 12.6: ilikuwa imelala tu, tafuta kilichoilaza. 12.2 au chini: imekufa. Usiiache betri iliyolala ikae hivyo wiki nzima, maana sahani hujenga ukoko mgumu usioondoka.

Kilicholaza betri huwa hivi, kwa wingi wa kutokea: pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya ndani ya boti) iliyokuwa ikifanya kazi usiku kucha kwa sababu boti inavuja au kizibo cha chini hakikukazwa, redio au kipima kina kilichoachwa wazi, boti iliyokaa mwezi mzima bila kuchajiwa. Kupata mnyonyaji, zima kila kitu, fungua waya wa −, weka mita kwenye ampea (badili tundu la ncha nyekundu) kati ya waya na nguzo. Usigeuze ufunguo mita ikiwa hapo. Ikisoma zaidi ya ampea 0.05, toa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo yenye mnyonyaji.

Dalili na chanzo chake

*Tik moja, taa zinafifia.* Betri imelala au kifungo kichafu. Hatua ya 4 na ya 5.

*Tik tik tik ya haraka.* Selenoidi inavuta na kuachia kwa kukosa nguvu. Karibu kila mara ni betri dhaifu.

*Kimya, taa zinawaka vizuri.* Gia, fyuzi ya mashine au swichi ya ufunguo. Kama kuna tik moja kavu na taa hazififii hata kidogo, ni selenoidi au stata.

*Kimya, taa hakuna.* Swichi kuu, fyuzi kuu, au kifungo kimechomoka kabisa.

*Stata inavuma ila mashine haizunguki.* Gia ndogo ya stata haipandi kushika flaiwili, kwa chumvi au grisi iliyoganda. Mara nyingi betri haihusiki.

*Stata inazungusha vizuri, mashine haiwaki.* Kamba nyekundu, mafuta, choki. Acha kubusti, betri yako ni nzima.

*Imewaka kwa kubusti, ikazima ulipotoa nyaya.* Mashine ya sindano za mafuta na betri yenye chumba kilichokufa. Haitafika popote na betri hiyo.

*Kila baada ya wiki mbili betri inalala, umeibadili mara mbili.* Betri haina kosa. Pima chaji mashine ikizunguka, kisha tafuta mnyonyaji, ukianza na swichi ya boya ya pampu ya ngama: ile imefungwa moja kwa moja kwenye betri, haizimwi na swichi kuu, na boya lake likikwama juu kwa takataka, pampu inazunguka kavu mpaka betri iishe.